Sheli yangu inakubali cd lakini haihami

“Shikamoo mwalimu. Najifunza lugha ya C, huu ni mwezi wa tano, na sasa tumepewa wiki mbili tuandike sheli ndogo ya kupokea amri. Nimetumia fork, execve na wait kama tulivyoelekezwa. Nikiandika njia kamili, mfano /bin/ls, inafanya kazi vizuri. Baada ya hapo ni vurugu. Nikiandika cd /tmp, chdir, mwito wa kuhamia folda nyingine, inarudisha 0, yaani imefaulu, lakini /bin/pwd inaonyesha niko palepale. Nikikosea herufi, mfano /bin/lss, napata ujumbe wa kosa, lakini baadaye exit hainitoi mpaka niiandike mara mbili, siku nyingine mara nne. /bin/ls | /usr/bin/wc -l inaganda mpaka nibonyeze Ctrl-C, na Ctrl-C inaua sheli yenyewe. Nikiiacha sheli itafute amri ndani ya PATH, ile orodha ya folda zenye amri, ya kwanza inapatikana, kuanzia ya pili zote naambiwa hazipo. Mwenzangu mmoja anasema nitumie system niachane na mateso, mwingine anasema C imepitwa na wakati nihamie Rust. Natumia Ubuntu kwenye laptop, na nikiwa njiani natumia Termux, programu ya terminali, kwenye simu. Je, kuna kitu nimeharibu kwenye kompyuta, au mimi ndiye sina kichwa cha kazi hii?”

Marahaba, mwanangu. Kichwa unacho, na kompyuta yako ni nzima. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nimefurahi kuona kwamba uliangalia chdir inarudisha nini badala ya kukisia. Hiyo 0 uliyoiona ndiyo ufunguo wa jambo lote. chdir haikukudanganya: kuna aliyehama kweli. Ila aliyehama si yule uliyemtaka ahame.

Vurugu zako karibu zote zinatokana na swali moja ambalo bado hujazoea kujiuliza unapoandika kila mstari: hapa anayetenda ni nani, mzazi au mtoto? Mzazi ni mchakato wa sheli yako, yaani programu inayoendeshwa, na mtoto ni mchakato anaouzaa kwa fork ili utekeleze amri. Ukilizoea swali hilo, sheli itakuwa programu fupi inayoeleweka. Usipolizoea, kila kosa litaonekana kama uchawi.

Tuanze na dhana ambayo wanafunzi wengi huja nayo, nami naona dalili zake kwenye swali lako. Wanadhani sheli ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji, yenye mamlaka fulani ambayo programu nyingine hazina. Hapana. Jina lenyewe maana yake ni ganda, wala halihusiani na sheli za mafuta tunazozijua barabarani. Alilibuni Mfaransa Louis Pouzin miaka ya 1960, enzi za mradi wa mfumo wa uendeshaji wa Multics, na programu hii inaizunguka kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kama ganda linavyozunguka kokwa. Lakini kerneli yenyewe haiitambui sheli kwa cheo chochote. Bash unayoitumia kila siku ni faili tu kwenye diski, sawa na ls, na ukiwa na kompaila unaweza kuandika ya kwako bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachoifanya iwe sheli ni kwamba inasoma mstari, inamzaa mtoto wa kuutekeleza, inamsubiri, kisha inarudi kusoma mstari mwingine.

Sasa huko kuzaa. fork ni mwito mmoja unaorudi mara mbili. Kabla yake una mchakato mmoja. Baada yake una miwili, na yote inaendelea kutoka mstari uleule. Kinachoitofautisha ni thamani iliyorudi: mtoto anapata 0, mzazi anapata namba ya mtoto. Mtoto anazaliwa na nakala ya kumbukumbu ya mzazi, vigezo vyake vya mazingira, na folda aliyokuwa amesimama ndani yake. Nakala hiyo ichukulie kama fotokopi ya daftari: ukichorachora kwenye fotokopi, daftari la mwanzo halipati hata nukta. Kwa kweli kerneli ina akili zaidi ya hapo, hainakili kurasa za kumbukumbu mpaka mmoja wao aandike kitu, ndiyo maana fork ni nyepesi hata kwa programu kubwa. Ila kwa upande wako matokeo ni yaleyale.

Halafu execve. Hii haizai mtu. Inamchukua mchakato uliopo na kuyafuta yote yaliyomo kichwani mwake, kisha inaweka programu nyingine mahali pake. Namba ya mchakato inabaki ileile, folda ileile, faili zilizofunguliwa zilezile, lakini msimbo wako haupo tena. Ndiyo maana execve ikifaulu hairudi kamwe. Hakuna pa kurudi.

Kwa hiyo cd yako. Sijauona msimbo wako, lakini nina hakika umeiweka chdir baada ya fork, kwenye tawi la mtoto, pamoja na amri nyingine. Mtoto akahamia /tmp kweli, akarudisha 0 kweli, kisha akafa. Mzazi hakusogea hata hatua moja. Kila mchakato una folda yake ya sasa, na hakuna mwito ambao mtoto anaweza kuutumia kuhamisha folda ya mzazi wake.

Kabla hujajilaumu, sikiliza kisa hiki. Watu waliojenga Unix walianguka kwenye shimo hilohilo. Dennis Ritchie aliwahi kusimulia kwamba Unix ya mwanzo kabisa, ile ya kwenye mashine ya PDP-7 katika maabara za Bell, haikuwa na fork. Sheli ilikuwa inaipakia amri juu yake yenyewe, na amri ikimaliza sheli inapakiwa upya. Ken Thompson alipoongeza fork, akiegemea wazo lililokuwa tayari likitumika kwenye mfumo wa Berkeley, ilimgharimu mistari 27 tu ya asembli. Wakafurahi sana. Kisha wakagundua kwamba chdir imeacha kufanya kazi. Walisoma msimbo wao kwa muda, wakiwa na wasiwasi, wakijiuliza fork imeivunjaje. Jibu lilikuwa hili lako: chdir ilikuwa amri ya kawaida, sasa ilizaliwa kama mtoto, ikahama, ikafa. Ilibidi waiingize ndani ya sheli. Kila cd unayoiandika leo, kwenye sheli yoyote, inafuata marekebisho hayo.

Nawe fanya hivyohivyo. Ukishaukata mstari vipande, na kabla ya fork, angalia neno la kwanza. Kama ni cd, mzazi mwenyewe aite chdir kisha arudi kwenye kitanzi bila kuzaa mtu. Amri zote ambazo lengo lake ni kuibadilisha sheli yenyewe zinakwenda njia hiyo: exit, export, umask. Angalia pwd ilivyo tofauti: inasoma tu, na mtoto amerithi folda ya mzazi, kwa hiyo /bin/pwd inaweza kubaki programu ya nje na bado ikatoa jibu sahihi. Ukitaka cd iwe kamili, ikiandikwa peke yake impeleke mtumiaji kwenye folda iliyotajwa na kigezo cha mazingira cha HOME, na cd - imrudishe alikotoka. Kwa hilo inabidi ukumbuke kusasisha vigezo vya PWD na OLDPWD, folda ya sasa na iliyopita, kila anapohama.

Sasa suala la exit kugoma. Hili ni lilelile kwa sura nyingine. Ulipoandika /bin/lss, mtoto alizaliwa, execve ikashindwa, na kwa kuwa imeshindwa ikarudi. Ukachapisha ujumbe wa kosa, vizuri. Halafu? Hukumwambia mtoto afe. Akaendelea chini, akafika mwisho wa kitanzi, akapanda tena juu, akaonyesha alama ya kusubiri amri. Tangu hapo hukuwa unazungumza na sheli yako. Ulikuwa unazungumza na mwanawe, huku mzazi amekaa kwenye wait akimsubiri. Exit ya kwanza ilimuua mtoto, ya pili ikamfikia mzazi. Siku ulipokosea mara tatu ulikuwa na kitukuu mkononi, ndiyo maana ukahitaji exit nne. Kiini cha sheli kinatakiwa kionekane hivi:

pid_t mtoto = fork();
if (mtoto == -1) {
    perror("fork");
} else if (mtoto == 0) {
    execve(njia, hoja, environ);
    int kosa = errno;
    perror(njia);
    _exit(kosa == ENOENT ? 127 : 126);
} else {
    waitpid(mtoto, &hali, 0);
}

Namba 127 ni desturi ya sheli zote kwa amri isiyopatikana, na 126 kwa iliyopatikana lakini haikuweza kuendeshwa. Nimeihifadhi errno, namba ya kosa, kwanza kwa sababu perror inaweza kuibadilisha.

Huenda utauliza kwa nini _exit na si exit ya kawaida. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ni kosa linalosumbua watu wazima. Nilisema mtoto anapata nakala. Kuna kitu kimoja hapati nakala yake: faili zenyewe zilizofunguliwa, ingawa namba za kuzishikia anazinakili. Hizo anashirikiana na mzazi, pamoja na alama ya mahali usomaji ulipofikia. Ukiendesha sheli yako kwa kuisomesha amri kutoka kwenye faili, maktaba ya C haisomi mstari mmoja mmoja. Inavuta kipande kikubwa kwa mpigo na kukiweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda. Mtoto akifa kwa exit, maktaba inafanya usafi wa kuaga, na katika usafi huo inaweza kuirudisha alama ya faili nyuma, mpaka pale mistari iliyokwisha kutumika ilipoishia. Kwa kuwa alama ni ya wote, mzazi naye anajikuta amerudishwa nyuma, anasoma tena amri alizokwisha kusoma. Nimewahi kukesha na programu iliyokuwa ikirudia amri zilezile bila kikomo, na kwa mkono haikuonyesha kosa lolote, ni kwenye faili tu. _exit haifanyi usafi huo. Inaondoka moja kwa moja, na mtoto aliyeshindwa execve hana cha kusafisha.

Tuje kwenye bomba, yaani ile alama ya |. Mwito wa pipe unakupa namba mbili za faili: mdomo wa kusomea na mdomo wa kuandikia. Mtoto wa kwanza unauelekeza mdomo wa kuandikia mahali pa namba 1, ambayo ni matokeo yake ya kawaida, kwa kutumia dup2. Wa pili unauelekeza mdomo wa kusomea mahali pa namba 0. Naamini ulifika hapo salama. Kilichokukwamisha ni kusahau kwamba fork inagawa nakala za midomo hiyo kwa kila anayezaliwa.

wc inahesabu mpaka iambiwe data imekwisha. Nani anaiambia? Kerneli, tena kwa sharti moja tu: pale mdomo wa mwisho wa kuandikia, kwenye mchakato wowote ule, utakapofungwa. ls imemaliza na kufa, wake umefungwa. Lakini mzazi bado ameshika mmoja. Na wc yenyewe, usipokuwa mwangalifu, imezaliwa na nakala yake ya mdomo wa kuandikia, kwa hiyo inasubiri mwandishi ambaye ni yenyewe. Itasubiri mpaka umeme ukatike. Kila mtoto, baada ya dup2 na kabla ya execve, afunge midomo yote miwili ya awali. Mzazi naye, akishawazaa wote wawili, afunge yake yote miwili. Ndipo asubiri.

Hilo neno “wote wawili” lina uzito. Wanafunzi wengi humzaa ls, wakamsubiri amalize, ndipo wakamzaa wc. Kwenye folda ndogo inafanya kazi na unalala ukiwa na amani. Lakini bomba lina ujazo: kwenye Linux, kwa kawaida, ni baiti 65,536. Mwandishi akilijaza na hakuna msomaji, kerneli inamlaza. Mzazi amelala akimsubiri mwandishi, mwandishi amelala akimsubiri msomaji, na msomaji hajazaliwa. Jaribu sheli yako kwa seq 100000 | wc -l. Amri hiyo inatoa baiti 588,895, mara nyingi ya ujazo wa bomba. Ikitoa jibu la 100000 bila kuganda, umepanga vizuri. Majaribio yasiyozidi ujazo wa bomba hayakuambii chochote.

PATH ni kisa kingine, na nakihisi hata kabla ya kuona msimbo. Umechukua getenv("PATH") ukaipitisha moja kwa moja kwenye strtok, sivyo? getenv haikupi nakala. Inakupa pointa, yaani anwani, ya kwenye mazingira yenyewe ya programu yako. strtok nayo haikati kwa upole. Kila inapokuta nukta mbili inaweka baiti ya sifuri mahali pake. Mzunguko wa kwanza ulipata folda zote, ukaipata ls. Mzunguko wa pili PATH yako ilikuwa imebaki folda ya kwanza tu, kwa kuwa C inaamini maandishi yanaishia kwenye sifuri ya kwanza. Nakili PATH kwa strdup kwanza, katakata nakala, kisha iachilie kwa free. Tena ona ajabu hii: ungekuwa umefanya utafutaji huo ndani ya mtoto, kosa lisingeonekana, kwa sababu mtoto angeharibu fotokopi yake na kufa nayo. Ukiruhusiwa, execvp inakutafutia ndani ya PATH bila taabu hizi. Ila kazi nyingi za mafunzo huikataza makusudi, na mimi naunga mkono: andika utafutaji wako mara moja katika maisha yako.

Kuhusu Ctrl-C nitasema kwa ufupi. Terminali ikiipata, kerneli inapeleka ishara ya SIGINT kwa kundi lote lililo mbele, mzazi na watoto pamoja. Mwambie mzazi aipuuze, na mtoto airudishe kwenye hali yake ya kawaida kabla ya execve, kwa sababu ishara iliyopuuzwa inaendelea kupuuzwa hata baada ya execve. Ukilisahau hilo la pili utaandika sleep 1000 na hutakuwa na njia ya kuikatisha. Ctrl-D ni kitu kingine kabisa, si ishara: inaifanya getline irudishe -1, nawe utoke kwenye kitanzi kistaarabu. Na alama ya kusubiri amri ionyeshwe tu pale isatty inapokuambia kwamba ingizo linatoka kwenye terminali. Programu za kusahihishia hulinganisha matokeo herufi kwa herufi, na alama moja iliyozidi inakuangusha.

Sasa ushauri wa wenzako. Anayekuambia utumie system hajakudanganya, amri zitafanya kazi zote siku hiyohiyo. Lakini ndani yake system inaita /bin/sh na kuikabidhi mstari wako. Utakuwa umeiomba sheli nyingine ifanye kazi uliyoagizwa ujifunze, na cd itaendelea kukushinda kwa sababu ileile. Tena uzoee mapema kutompa system maandishi yaliyotoka kwa mtu usiyemjua. Mtumiaji wa tovuti akiandika jina la faili lenye nukta-mkato na amri ya kufuta mbele yake, sh itatii.

Wa Rust ana hoja nzuri zaidi, nami siidharau. Makosa kama hilo la strtok, kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu, au kutumia kumbukumbu uliyokwisha kuiachilia, Rust inakataa mengi yake kabla programu haijaendeshwa, na mengine inayazuia programu ikiendeshwa. Ningekuwa naandika sheli ya watu kuitumia kila siku, ningeifikiria kwa dhati. Lakini njia ya kawaida ya kuendesha programu kwenye Rust inakufichia fork na execve ndani ya kifurushi kimoja, na wewe tatizo lako ni fork na execve. Ungehamia huko ungepata sheli inayofanya kazi, huku swali la mzazi na mtoto likibaki palepale. Baki na C kwa wiki hizi mbili. Ukitaka msaada wa lugha nyingine, ninapendekeza Python kama karatasi ya rasimu: ina os.fork, os.execv, os.pipe na os.waitpid, zenye tabia karibu zilezile, bila malloc ya kuombea kumbukumbu. Jioni moja andika bomba kwa Python mpaka likubali, kisha lihamishie kwenye C. Nimewaona wengi wakifunguka macho kwa njia hiyo.

Kuna mambo nakusihi uyaache kwa sasa. Nukuu ndani ya amri, alama ya nyota inayotafuta majina ya faili, na kuendesha amri kwa nyuma. Kukata mstari kwa nafasi kunatosha hadi mtu aandike echo "habari   yako", na hapo strtok haitakusaidia tena. Inabidi usome herufi moja moja ukikumbuka kama uko ndani ya nukuu au nje. Ni kazi nzuri na ndefu, nami naamini ndiyo inayokula muda mwingi kwenye sheli halisi. Lakini usiianze kabla ya michakato kukaa sawa, maana utashindwa kujua hitilafu imetoka upande gani.

Kwa kusaka hitilafu, chombo nitakachokuachia ni strace -f ./sheli, kinachoonyesha kila mwito programu inaoupeleka kwa kerneli. Hiyo -f inafuata na watoto, na kila mstari wa mchakato wa mtoto unaandikwa namba yake mwanzoni. Ungeiendesha siku ile ya cd, ungeona chdir("/tmp") = 0 ikiwa na namba ya mtoto, na usingehitaji kuniandikia. Unapokompaili, weka -Wall -Wextra -g -fsanitize=address, na usipuuze onyo hata moja. Maanguko mengi ya ghafla utakayoyaona yatatokana na mambo mawili: orodha ya hoja isiyoishia na NULL, na malloc iliyosahau baiti moja ya kufungia maandishi.

Kwenye simu kuna tahadhari. Termux haiweki programu zake /bin kama Ubuntu. Ziko chini ya $PREFIX/bin. Kwa hiyo usiandike /bin/ kwa mkono ndani ya msimbo ukadhani umetafuta. Fuata PATH, nayo itakupeleka kote kuwili.

Mwisho, lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Ukikaa siku mbili kwenye kosa moja la bomba, usiongeze ya tatu peke yako. Chukua karatasi, chora kila mchakato kama kisanduku, na ndani yake namba za faili alizoshika. Kisha kaa na mwenzako au mkufunzi, msomee msimbo kwa sauti, na kila mstari umtajie: “mzazi”, “mtoto wa kwanza”, “mtoto wa pili”. Msikilizaji hahitaji kukuzidi ujuzi. Mara nyingi utakwama mwenyewe kwenye mstari ambao huwezi kumtaja mwenyewe wake, na hitilafu itakuwa hapo.

Na kuna hali ambayo usisubiri hata dakika. Fork ikiingia kwenye kitanzi kwa makosa, watoto wakazaa watoto, mashine inaweza kujaa na kuganda. Kwenye laptop yako utaizima na kuiwasha, basi; na kabla ya kujaribu unaweza kujiwekea kikomo kwa ulimit -u. Lakini kama unafanyia mazoezi kwenye seva ya chuo au ya kazini, umeshika mashine ya watu wengi: mwone msimamizi wake kabla hujaanza, mwombe akuwekee kikomo, na ikitokea bahati mbaya mpigie mara moja badala ya kujificha. Usiendeshe sheli yako ukiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Wala usiifanye sheli yako ya kuingilia kwa chsh, hata siku itakapokuwa nzuri kiasi cha kukutia fahari, kwa sababu ikianguka wakati wa kuingia utajikuta umefungiwa nje ya akaunti yako.

Rekebisha cd kwanza, kisha _exit, kisha PATH, na bomba liwe la mwisho. Ukifika kwenye bomba la amri tatu ukakwama, niandikie tena, ila safari hii niambatanishie na mchoro wa visanduku pamoja na msimbo.